Gereji Bubu: Historia ya Kushusha Injini katika Uwanda wa Kati

Wakaazi wa mwambao wanazijua vyema bandari bubu: fukwe zisizo na gati wala ofisi ya ushuru, ambako jahazi hutia nanga usiku, hushusha kilichomo na kuondoka bila ya jina lake kuandikwa daftarini. Bara nako kuna jamaa yake. Mjini Dodoma, na katika miji midogo iliyotawanyika juu ya uwanda wa kati wa Tanzania, kuanzia Kongwa na Mpwapwa hadi Manyoni na Kondoa, ipo gereji bubu. Gereji hiyo ni kivuli cha mti, ardhi iliyolowa oili, mikebe ya nati na boliti, na gari lililofunuliwa kifua likingoja kurejeshewa moyo wake. Aghalabu mahali hapo ni uani kwa mwenye gari mwenyewe. Wenye mamlaka huliita bubu kwa kuwa halina leseni.

Jina hilo lina ukweli wa pili ambao waliolitunga pengine hawakuukusudia. Historia ya magari na mitambo katika uwanda wa kati imeandikwa kwa kalamu ya walionunua. Zipo hesabu za matrekta yaliyoagizwa, pauni zilizotumika, ekari zilizokusudiwa. Mikono iliyoitoa injini iliyokufa, ikaifungua, ikaipeleka kukerezwa na kuirudisha ikiwa hai, iliachiwa kurasa chache. Makala haya yanaifuata mikono hiyo, na yanaanza pale ilipoanza njia yenyewe, yaani pwani.

Maneno yaliyopanda na reli

Kabla ya injini, uwanda ule ulivukwa kwa miguu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipanda hadi Mpwapwa, ikaingia Ugogo, ambako watemi walitoza hongo kwa ajili ya njia na maji, kisha ikaendelea Tabora na Ujiji. Mpagazi wa kawaida alijitwika kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kipimo hiki chafaa kukumbukwa, kwani injini ya silinda nne iliyotengenezwa kwa chuma cha kalibu huweza kufika kilo 150 na zaidi. Kwa hesabu ya misafara, huo ni mzigo wa wapagazi watano.

Wajerumani walianza kuijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwa reli hiyo walipanda watu wa pwani, makarani, maseremala, wahunzi na wapishi, na pamoja nao ikapanda lugha yao. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika na misafara. Reli ilikipa karakana.

Msomaji wa mwambao akikaa chini ya mti huko Dodoma akasikiliza, atashangaa ni maneno mangapi yaliyotoka chomboni. Dereva hushika usukani, na usukani ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa lori. Lori hubeba shehena, na shehena ilikuwa ya merikebu. Fundi anapoiinua injini kwa mnyororo hupitisha mnyororo huo katika roda, ile ile ambayo baharia huijua katika kutweka tanga. Chuma kinapohitaji kulainishwa na kurudishwa katika umbo lake hupelekwa kwenye kerezo. Kazi ya kukereza, watu wa visiwani waliijua zamani katika miguu ya vitanda, kabla haijagusa krenki ya gari.

Na ipo ajabu nyingine ya lugha. Injini hutolewa garini kwa kuinuliwa juu, ipite juu ya taa na boneti, ndipo itue chini. Hata hivyo mafundi hawasemi kuinua injini. Husema kushusha injini, kama vile mtu ashushavyo mzigo pwani. Neno limetazama mwisho wa kazi, pale chuma kinapogusa ardhi salama.

Maneno mengine yalitoka kwa Waingereza, waliotawala baada ya Vita Kuu ya Kwanza: pistoni, ringi, beringi, gasketi, rejeta, klachi. Hayo nayo yaliketi katika ngeli zake bila ya ugomvi. Fundi husema ringi zimekwisha, beringi imekula, kabureta inakohoa, na hakuna anayekumbuka kwamba sehemu ya sentensi yake ni ngeni.

Kongwa: mitambo bila mikono

Mwaka 1946 Frank Samuel, wa kampuni ya United Africa, aliipelekea serikali ya Uingereza shauri la kulima karanga kwa mitambo katika Afrika Mashariki, ili kupunguza njaa ya mafuta ya kupikia iliyoachwa na vita. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukatumwa kuchunguza, nao ukapendekeza mashamba ya jumla ya ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa yake ikiwa Tanganyika. Watangulizi wa kwanza walifika Kongwa mwanzoni mwa 1947. Lengo la mwaka huo wa kwanza lilikuwa ekari 150,000.

Ulimwengu ulikuwa umetoka vitani na matrekta mapya hayakupatikana. Yakanunuliwa mabaki ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino, mengi yakiwa yamechakaa kabla ya kupakiwa melini. Vifaru vya aina ya Sherman vikageuzwa na kiwanda cha Vickers kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mitambo hii ikashushwa Dar es Salaam, ikapanda reli ile ile ya 1910, ikamwagwa katika nchi ya migunga na mibuyu.

Kilichofuata ni somo la chuma na vumbi. Udongo wa Kongwa una mchanga mkali, na wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama sakafu. Uliyala majembe ya plau. Vumbi lake likapenya kwenye vichujio vya hewa, likafika ndani ya silinda. Huko, chembe ya mchanga hufanya kazi ya tupa. Husugua ukuta wa silinda kila pistoni ipandapo na kushuka, maelfu ya mara kwa dakika, mpaka nafasi kati ya ringi na ukuta hupanuka, mgandamizo hupotea, oili huungua na moshi wa buluu hutoka. Kabla ya mwaka 1947 kwisha, sehemu kubwa ya matrekta yalikuwa yamesimama. Vipuri vilikuwa mbali, na mafundi waliozijua mashine hizo walikuwa wachache. Karanga zilizopandwa katika mwaka huo wa kwanza hazikuzidi ekari elfu chache.

Mwezi Septemba 1947, mgomo ulioanza kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulipanda na reli hadi mikoa ya kati. Njia iliyochukua mitambo ilichukua pia fikra za wenye mikono. Mradi uliendelea kudhoofika, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha, ikiwa imepoteza takriban pauni milioni 36.

Wanahistoria wamezieleza sababu nyingi: mvua zisizotegemewa, haraka ya wanasiasa, takwimu za mezani. Zote ni za kweli. Kwa mtazamo wa gereji, hata hivyo, Kongwa ilianguka pia kwa sababu injini zilitangulia, na watu wa kuzishusha hawakuandaliwa. Hesabu ya mradi ilianza na trekta linalotembea, ilhali katika nchi ya vumbi hesabu hiyo hulazimika kuanza na siku litakaposimama.

Miaka ya uhaba

Vizazi vilivyofuata vililijifunza somo hilo kwa lazima. Oktoba 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na barabara za mji huo zikaanza kuona magari ya serikali kuliko zamani. Lakini mwaka huo huo bei ya mafuta ilipanda duniani. Ikafuata vita vya Uganda vya 1978 na 1979, kisha ukame wa fedha za kigeni uliodumu hadi katikati ya miaka ya 1980. Uingizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma. Katika miaka hiyo magari binafsi yalikatazwa hata kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Mtu mwenye Land Rover iliyokula ringi hakuwa na duka la kuendea akanunua injini nyingine. Alikuwa na njia moja: ishushwe, ichongwe, irudishwe.

Kazi ilianza kwa kuchagua mti, na hapa palihitaji elimu ya miti. Mbuyu, kwa ukubwa wake wote, haukuaminiwa, kwa kuwa mti wake ni laini kama sifongo. Mkwaju ulipendwa, au mwembe mzee wenye tawi nene lililolala. Pasipo na mti, zilisimamishwa nguzo tatu zilizofungwa pamoja vichwani.

Betri iliondolewa kwanza, ili waya usije ukatoa cheche karibu na petroli. Maji na oili vikamwagwa katika vyombo. Oili haikutupwa, kwani ilikuwa na wateja wake, wakiwamo waliopaka nguzo kuzuia mchwa. Boneti ikafunguliwa, rejeta ikatoka, kisha mirija, kabureta na bomba la moshi. Kila waya ulifungwa uzi au kitambaa chenye alama yake. Boliti ziliingia katika mikebe kwa mpangilio: za giaboksi peke yake, za miguu ya injini peke yake. Ndipo mnyororo ukavikwa, watu wakavuta, na injini ikapanda polepole huku kijana mmoja akiiongoza kwa mikono ili isiukwaruze mwili wa gari. Gari, likishatuliwa mzigo ule, huinuka mbele juu ya springi zake.

Hatari ilikuwa ya kweli. Tawi likikatika au kiungo cha mnyororo kikiachia, chuma cha kilo 150 hakimchagui mtu. Sheria iliyofundishwa kwa kila mwanafunzi ilikuwa moja: usiweke mguu wala mkono chini ya kilichoning'inia.

Baada ya kushushwa, injini ilifunguliwa juu ya gunia safi au kipande cha bati. Hapa ndipo fundi alipopimwa. Vifuniko vya beringi kuu na vya mikono ya pistoni vimetengenezwa kila kimoja na kiti chake; vikichanganywa, krenki haizunguki sawasawa, na injini hufa kabla ya kufika mbali. Kwa hiyo fundi alivitia alama kwa tindo, nukta moja, mbili, tatu, nne. Mshairi ataielewa kazi hii bila ya kufafanuliwa. Mshororo una mizani yake na kina chake, na neno zuri likitiwa mahali pasipo pake huuangusha ubeti mzima. Hata mwendo wa injini una mpango wake. Katika injini nyingi za silinda nne moto hauwaki kwa kufuatana moja hadi nne. Huwaka moja, tatu, nne, mbili. Mafundi walioingia kazini bila ya kusoma vitabu waliujua mpango huo kwa kichwa, kama mtu ajuavyo kibwagizo.

Uani palikuwa na mwisho wake. Nyundo na spana haziwezi kurudisha uduara wa silinda. Bloku tupu, krenki na kichwa cha silinda vilifungwa vikasafirishwa kwenye karakana ya kukereza vyuma, mara nyingine mbali kwa treni au juu ya lori, kwa kuwa mashine kubwa za kazi hiyo zilikuwa katika miji michache. Huko kipimo kilibadilika. Chini ya mti fundi alipima kwa jicho na kwa ukucha uliopitishwa juu ya ukuta wa silinda kutafuta ukingo uliochongwa na ringi. Karakanani walipima kwa sehemu za mia za milimita. Silinda ilipanuliwa robo milimita, au nusu, hadi milimita moja kamili, kisha ikatafutiwa pistoni za ukubwa huo. Krenki nayo ilipunguzwa kwa vipimo vya namna hiyo, ikapewa beringi nene zaidi.

Kuna huzuni ndogo katika hesabu hii. Kila matengenezo hula chuma. Silinda iliyopanuliwa mara tatu au nne haina tena nyama ya kukatwa, na tumaini lililobaki ni kuivisha kuta mpya za ndani. Katika miaka ya uhaba injini nyingi zilifikishwa kwenye kikomo hicho. Zilikuwa injini za magari ya abiria, ya hospitali na ya shule, na kama zisingefufuliwa, mgonjwa wa Kondoa asingefika Dodoma.

Nani aliyekuwa bubu?

Wapenzi wa ushairi wanalo jina moja la kuwakumbusha kwamba uwanda huu haukupokea lugha ya pwani kama mtu apokeaye zaka. Mathias Mnyampala alizaliwa Ugogo mwaka 1917 na kufariki 1969. Kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo kilitoka mwaka 1954. Aliushika ushairi wa Kiswahili wenye asili ya mwambao, akauongoza pamoja na wenzake katika chama cha UKUTA, na jina lake likafungamana na ngonjera, mashairi ya kujibizana yaliyosomwa na wanafunzi nchi nzima. Bidhaa ilipanda kutoka pwani, ikarudi ikiwa na sura mpya.

Mafundi wa uwanda wa kati walifanya jambo la namna hiyo kwa chuma. Roda na kerezo vilipanda, mashine zikaja kutoka Ulaya na Japani, na juu ya vitu hivyo wakajenga elimu ambayo haikuwamo katika vitabu vya watengenezaji. Vitabu hivyo viliandikwa kwa karakana yenye sakafu ya saruji, winchi na hewa safi. Havikueleza namna ya kuinua injini kwa tawi la mkwaju, wala namna ya kuufunika mdomo wa silinda kwa kanga kuukuu pepo za kiangazi zinapovuma. Elimu hii ilipokewa kwa mdomo na kwa macho. Kijana alianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, akapanda daraja la kupitisha spana, na ilimchukua miaka kabla ya kuruhusiwa kugusa beringi. Mwalimu wake akifa, sehemu ya elimu hiyo ilizikwa naye.

Kwa hiyo gereji hii haikuwahi kuwa bubu. Ilikuwa na istilahi, ufundishaji, sheria za usalama na heshima ya daraja. Kilichokosekana ni mwandishi.

Kinachoondoka

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti na kuwaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na mageuzi ya uchumi yaliyofuata mwaka 1986 yalifungua mlango zaidi. Magari yaliyotumika yakaanza kuja kwa wingi kutoka Japani, mengine yakipitia Dubai, na nyuma yake zikaja injini zenyewe za mtumba. Mwenye gari akapata njia ya pili: badala ya kuchonga injini aliyonayo, huinunua nyingine na kubadilisha kwa siku moja au mbili. Mnyororo na tawi bado vina kazi, ila safari ya kwenda kwenye kerezo imepungua. Injini za sasa nazo, zenye waya nyingi na kompyuta, humtaka fundi ajue kusoma kisichoonekana kwa jicho.

Hata vumbi limerudi nyuma. Barabara ya Dodoma kwenda Kondoa na Babati, iliyochakaza injini kwa miongo mingi, imewekwa lami, na ilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Mwaka huo huo Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Na tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam, ikiikaribia njia ya Wajerumani ya 1910. Mvuto wake hautokani na pistoni wala ringi, na mchanga wa Ugogo hauna silinda ya kuingia.

Haya ni maendeleo, na hakuna fundi mwenye akili atakayelilia vumbi. Linalostahili kuulizwa ni lile lile lililoulizwa na Kongwa: siku mtambo utakaposimama, nani ataufungua? Mamlaka ya elimu ya ufundi stadi, VETA, imekuwa ikiwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mitaani, na hilo ni jambo jema. Cheti humtambua mtu mmoja. Elimu yenyewe, ya mti upi unaaminika, ya alama ya tindo, ya ukucha juu ya ukuta wa silinda, na maneno yake yaliyotoka chomboni yakapanda na reli, bado haijaandikwa vya kutosha. Wazee walioishika wangalipo, wamekaa vivulini, na huieleza kwa furaha kwa kijana yeyote anayekuja na daftari.